Remiksi inameza maneno, na sisi wasikilizaji tunasema tu "kali sana"

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, barua yenyewe itakuwa ndefu kidogo naomba usiikate sana. Nimesoma ile makala ya ukurasa wa burudani wiki iliyopita iliyosema hizi remiksi za ambienti, zile ambazo mtu anachukua sauti ya mwimbaji anaizungushia mawingu ya sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, na mwangwi mrefu mpaka ngoma zote zinapotea, ni muziki wa kulalia tu na zinaua sauti za waimbaji wetu. Nimeisoma mara mbili. Kuna pahali mwandishi ana haki na kuna pahali kakosea mtu wa kumlaumu, na hicho ndo kilichonifanya nikae niandike.

Mi nasikiliza sana muziki huu, miaka sasa. Siuzi, sitengenezi, nasikiliza tu. Na miezi kadhaa iliyopita prodyuza mmoja kijana alitoa remiksi ya namna hiyo, alichukua wimbo wa dada mmoja ambao asili yake ni gitaa na sauti basi, akaomba ruhusa, akapewa voko, yaani sauti yake ya kuimba, zikiwa peke yake bila gitaa, akakaa nazo. Alipomaliza akatutumia sisi watu kama thelathini hivi akatuomba maoni. Akasema kabisa, semeni ukweli, naupolisha kabla sijautoa.

Nikausikiliza usiku, taa zimezimwa, kwa simu. Jamani ulinishika. Sauti ya yule dada inaanza na pumzi, unaiskia kabisa anavuta hewa kabla hajaimba, na prodyuza hakuikata ile pumzi kama wengi wanavyofanya, kaiacha halafu kairefusha kidogo ikawa kama upepo unaoingia chumbani. Nyuma kuna mlio mmoja mzito unaokaa palepale hauendi popote. Nikamwandikia palepale: kazi safi sana mkuu, moto. Nikalala nikiwa na furaha, na kilichonikaa kichwani ni ule mstari wa katikati ambao nilikuwa nauimba hata nikioga, "tutaonana tena". Nikawa nawaza huyu dada anampa mtu matumaini, wameachana kwa safari tu, watakutana.

Baada ya wiki hivi nikapata kuusikia wimbo wenyewe wa mwanzo, gitaa na sauti. Mstari unasema hivi, nauandika kama ulivyo: "nimefika mwisho wa njia, hatutaonana tena".

Hatutaonana.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimeskia vibaya. Wimbo mzima ni wa kuaga mtu kwa mara ya mwisho na mi nilikuwa nauimba bafuni kama wimbo wa kungojana. Kiukweli iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia yule kijana kazi safi, na nilikuwa nimesifia kitu ambacho sikukisikia. Na wale wenzangu thelathini nao, maana baadae niliuliza wachache, karibu kila mmoja aliandika kali, moto, noma, umetisha, na wawili waliandika umeharibu wimbo basi wakaishia hapo. Hakuna hata mmoja aliyesema dakika ya pili na sekunde kumi na kitu neno halisikiki. Hakuna.

Sasa hapa ndo natofautiana na mwandishi wenu. Yeye anasema mwangwi mrefu ndo adui. Mi nasema mwangwi hauna kosa, tatizo ni sisi tunaosikiliza hatusemi tunachokisikia, na mtengenezaji hawezi kujua mwenyewe kwa sababu yeye yale maneno anayajua kwa moyo. Keshayasikia mara mia mbili akiwa anakatakata voko, hata ukiyafunika na blanketi yeye atayasikia tu kwa kumbukumbu. Anayeweza kumwambia neno limepotea ni mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza, na huyo ni mimi na wewe.

Hebu niseme kilichotokea pale kwenye ule mstari maana nilikaa na hedifoni nikausikiliza taratibu mpaka nikaelewa. Kiswahili chetu kukataa tunaweka mwanzoni mwa kitenzi, ha-, si-, hu-, vitu vidogo, silabi moja, na mkazo wa neno uko mbali huko, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye "hatutaonana" mkazo uko kwenye ile "na" ya kwanza, kwa hiyo mwimbaji akiimba kwa hisia anaegemea kule nyuma, mwanzoni anapita tu. Na hiyo herufi h yenyewe ni nini, ni pumzi, haina nguvu kama t au k. Sasa angalia kipande cha mstari kinachotangulia kinaishia na neno gani, "njia". Kinaishia na a. Prodyuza kaweka mwangwi ambao nilihesabu pale mwisho wa wimbo dada akinyamaza, mkia unachukua sekunde 9 hivi kuisha kabisa. Kwa hiyo ile a ya njia bado inaning'inia hewani kwa sauti kubwa, "ha" inakuja kwa udhaifu wake inaingia ndani ya ile a kubwa inamezwa nzima, kinachotoka upande wa pili ni "tutaonana tena". Sentensi imekamilika, ina maana, ina sarufi, na ni kinyume kabisa cha alichosema mwimbaji!

Na si huo mstari tu. Ukichukua mwimbaji anayetoa silabi 2 kwa sekunde, ambayo ni taratibu sana, mkia wa sekunde 9 una maana kwamba kwa wakati wowote kuna silabi 18 zinaelea pamoja, ingawa za zamani zinazidi kufifia. "Hatutaonana tena" ni silabi 8. Yaani kipande hicho chote na vingine zaidi ya kimoja viko hewani kwa pamoja. Irabu zinakaa vizuri kwenye hali hiyo, na lugha yetu ina bahati maana karibu kila neno linaishia na irabu, ndo maana Kiswahili kikiingia kwenye ambienti kinaelea vizuri mno, mi naamini ni kati ya lugha tamu kuliko zote kwa muziki huu. Ila konsonanti ndo zinazobeba tofauti ya neno na neno, na ni fupi na nyingi dhaifu, zikipigwa na mkia wa irabu zinakwisha.

Mwandishi wenu anaandika kama vile jambo hili ni la juzi. Sio. Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 70 alitoa ile albamu yake Ambient 1: Music for Airports na ndani yake kuna kipande kizima kilichotengenezwa kwa sauti za watu zinazoimba "aaa" tu, kila sauti kwenye kitanzi chake cha tepu, vitanzi vina urefu tofauti, vinazunguka kila kimoja kwa muda wake vinakutana vinaachana. Ni kizuri sana. Lakini angalia, pale hakuna neno. Ni irabu tupu toka mwanzo. Hakuna kitu cha kupoteza. Na mwaka 1988 Pauline Oliveros, mtunzi wa muziki Mmarekani, na wenzake wawili walishuka kwenye tangi kubwa la maji la chini ya ardhi, lilikuwa limeshakauka, huko Fort Worden jimbo la Washington Marekani, tangi ambalo sauti moja inachukua sekunde 45 kufa, wakapiga akodiani na tromboni na kuimba humo. Sekunde 45! Walichofanya ni kupunguza, wanatoa noti wanangoja, maana kila walichotoa kiliendelea kukaa nao. Hawakuja na shairi la mistari arobaini wakaliimba haraka mle ndani.

Halafu kuna Jamaica. Hii ndo naipenda kuliko zote na naona haisemwi vya kutosha. King Tubby, alikuwa fundi wa vitu vya umeme pale Kingston, miaka ya 70 yeye na wenzake walikuwa wanachukua wimbo uliokwisha, wanaitoa sauti ya mwimbaji, wanabakiza besi na ngoma, halafu neno moja moja linarudishwa linatupwa kwenye mwangwi linapotea. Nusu mstari, kilio, basi. Na watu waliupenda, hakuna aliyesema maneno yameuawa. Kwa nini? Kwa sababu sahani ilikuwa na pande mbili, wimbo wenyewe uko upande wa kwanza na hiyo vashen, yaani ule uliotolewa sauti, iko upande wa pili. Msikilizaji alikuwa anaujua wimbo. Neno likikatwa katikati anamalizia mwenyewe kichwani. Leo remiksi inakuja peke yake kwenye simu yako, hujui wimbo wa mwanzo upo wapi na mara nyingi hata hujui kama upo. Upande wa kwanza wa sahani haupo. Ndo maana prodyuza wa leo ana mzigo ambao Tubby hakuwa nao, na ndo maana anahitaji masikio yetu zaidi.

Basi nikakaa nikaandika upya. Nilimwambia kwanza samahani, maoni yangu ya mwanzo yafute. Nikasikiliza mara tano, mara mbili kwa hedifoni, mara mbili kwenye spika kubwa na moja tena kwa simu, nikawa naandika dakika na sekunde. Nikamwambia ile pumzi ya mwanzo usiiguse hata kidogo. Nikamwambia kuanzia 0:40 ule mlio mzito ni mzuri lakini kwa simu haupo kabisa, spika ndogo ya simu haitoi besi ya chini kiasi hicho, kwa hiyo mtu wa simu anaskia sauti ya dada inaelea bila sakafu, labda uongeze kitu kidogo cha katikati kinachofuata mlio huohuo. Nikamwambia zile sinthesaiza ulizozitanua kushoto na kulia, kwa hedifoni ni kama mbingu, ila kwenye spika moja zinanywea, maana sauti mbili zikijumlishwa pamoja zinaweza kufutana. Nikamwambia 1:32 herufi s zinarukaruka, dilei, ile inayorudiarudia sauti, inazirudia kama mtu anafagia. Na 2:14, nikaandika kwa herufi kubwa, HATUTAONANA HAISIKIKI, NASIKIA TUTAONANA.

Na kitu kingine nilichokiona baada ya kuusikia wimbo wa mwanzo. Kwenye gitaa, ule mstari umekaa juu ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ya huzuni, ya maina. Prodyuza chini ya noti zilezile za dada kaweka kodi ya meja, ya furaha. Sauti haijabadilika hata chembe, ni ileile, lakini ukibadilisha kilichoko chini yake sauti ya kulia inageuka kuwa sauti ya mtu anayetabasamu. Kwa hiyo sikio langu lilidanganywa mara mbili, neno limemezwa na kodi ikathibitisha uongo. Hapo nilimwambia hili sijui kama ulikusudia, kama ulikusudia sawa, ni haki yako kuugeuza wimbo, ila geuza watu wakiwa wanaskia anachosema dada, ili ule mgongano uonekane, tabasamu chini ya neno la kuaga, hicho kingekuwa kitu kikubwa. Bila neno hakuna mgongano, ni wimbo wa matumaini tu ambao hakuna aliyeuandika.

Nilitegemea akasirike. Alinijibu siku ileile, ujumbe mrefu. Alisema hakujua. Alisema kati ya maoni yote aliyopata langu ndo la kwanza kutaja neno, na alishaanza kujiandaa kuutoa vilevile kwa sababu karibu watu thelathini wote wanampigia makofi. Fikiria Mhariri, makofi yetu ndo yalikuwa yanamsukuma akosee mbele ya watu wote, na mbele ya yule dada aliyempa sauti yake. Dada mwenyewe alikuwa hajautumiwa bado, alikuwa anangoja uishe.

Alichofanya sio kuufuta mwangwi, na hapa naomba mwandishi wenu asome vizuri. Mwangwi bado mrefu vilevile. Aliuchelewesha kidogo, milisekunde 60 hivi, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, yaani neno linatoka kavu kwanza halafu ndo chumba kinajibu. Ni jambo la asili kabisa, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, ukisimama mita 17 kutoka ukutani sauti inaenda na kurudi mita 34, sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo ukumbi mkubwa wa kweli nao unachelewa kukujibu, na ule ucheleweshaji ndo unakwambia ni mkubwa. Halafu akakata besi ndani ya mwangwi wenyewe ili usijaze matope. Halafu, hii ndo iliyomaliza kazi, akafanya mwangwi uiname kila dada anapofungua mdomo na uinuke akinyamaza. Kwa hiyo ile a ya njia inaelea, inaelea, dada akianza kutamka inarudi nyuma kidogo inampisha, "ha" inapita, halafu mawingu yanarudi.

Niseme pia na wale wawili walioandika umeharibu wimbo. Hao nao hawakusaidia, ingawa wanajiona ndo wakweli. Umeharibu wapi? Kwa nini? Mtu akikaa wiki sita na sauti ya mtu mwingine kwenye hedifoni halafu ukamwandikia maneno mawili hujampa kitu cha kushika, utamkatisha tamaa tu au utamfanya akudharau. Mmoja wao nilimuuliza akasema haina kitu ndani, tupu. Nikamuuliza umesikilizia nini, akasema simu, kwenye gari watu wanaongea. Sasa muziki ambao nusu yake ni besi ya chini na nusu ni ukimya utausikiaje hapo. Angalau angesema nimesikilizia simu kwenye kelele, prodyuza angejua ayapime vipi maoni yake, na pengine angejifunza kitu maana watu wengi ndo wanasikilizia hivohivo.

Na ukilinganisha remiksi na wimbo wa mwanzo weka sauti zilingane kwanza, tafadhali. Sikio linapenda chenye sauti kubwa zaidi hata kama ni kitu kilekile. Nimeona watu wanasema wa mwanzo ulikuwa na nguvu kumbe ulikuwa umepandishwa sauti tu.

Sasa nirudi kwenu gazeti. Ukurasa wa burudani mnatuandikia kila wiki wimbo fulani umetikisa, wimbo fulani umebamba, na ile ya wiki iliyopita ni ileile ila kwa upande wa kukandia. Mwandishi kaandika aya nane kuhusu remiksi za ambienti hajataja hata sekunde moja ya wimbo wowote. Hajasema nilisikiliza huu, pale nilisikia hivi. Mi naamini ana masikio mazuri, kichwa cha makala yake kinaonyesha anajali sauti za waimbaji na mi najali kitu kilekile, ndo maana namuomba achukue remiksi moja tu, akae nayo na wimbo wake wa mwanzo, atuandikie alichosikia. Mstari kwa mstari. Wasomaji tutamfuata tukiwa na hedifoni, na pengine tutajifunza namna ya kusema.

Remiksi yenyewe ilitoka. Dada aliusikia kabla haujatoka, naambiwa alikaa kimya mpaka ukaisha halafu akaomba urudiwe. Ile kodi ya meja prodyuza kaiacha, alisema sasa anaijua sababu yake. Ukifika 2:14 unaiskia "ha" wazi kabisa, ndogo, kama mtu anashusha pumzi, halafu neno zima. Bado nina neno moja kuhusu zile sekunde ishirini za mwisho, naona mlio mzito unakatwa mapema kuliko sauti ya dada na sauti inabaki juu peke yake bila kitu chini, nimeshamwandikia, nangoja anijibu.

Ni mimi msikilizaji na msomaji wenu.